Maji ya Kivu Yanapita Runingu: Mhadhara Juu ya Maziwa ya Nyanda za Juu

Runingu iko katika uwanda wa Ruzizi, kaskazini ya mji wa Uvira, kwenye barabara ya taifa namba 5 inayoelekea Sange, Luvungi na Kamanyola. Upande wa magharibi milima ya Itombwe inaanza kupanda karibu kabisa na mashamba; upande wa mashariki, ng'ambo ya mto, ni Burundi. Wakazi wa hapa wakisema "ziwa" wanamaanisha moja tu, lile la Uvira, yaani Tanganyika. Lakini maji yanayopita mashariki ya mashamba yao yanatoka ziwa jingine, Kivu, ambalo uso wake uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Yakifika Tanganyika yamekwisha kushuka hadi mita 773 hivi. Ni mteremko wa karibu mita 690, katika safari ya kilomita kama 120.

Mteremko huo ndio somo la mhadhara huu. Watu huyapima maziwa kwa yale yanayotokea ufukweni: samaki wamepatikana au wamekosekana, maji yamepanda au yameshuka. Sababu za mambo hayo ziko mbali na ufukwe. Ziko katika kina, katika joto la tabaka za maji, katika chumvi zinazotoka chini ya ardhi ya volkano, na katika mto mmoja wa Kalemie ambao watu wengi wa Uvira hawajawahi kuuona. Anayezifahamu sababu hizo atajua pia kwa nini viwanja vya ufukweni, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, haviwezi kuhesabiwa kuwa nchi kavu ya kudumu.

Jambo la kwanza ni lile shimo lenyewe. Afrika ya mashariki inapasuka polepole, na tawi la magharibi la Bonde la Ufa limepita hapa. Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa yote yamelala ndani ya ufa huo. Ardhi ya katikati imezama huku kingo zikiinuliwa, kwa hiyo mlima na ziwa vya Uvira ni kazi ya nguvu ile ile. Kilele cha Mohi, huko Itombwe, kinapita mita 3,400. Chini yake, ndani ya maji, mteremko unaendelea. Msafara wa Wabelgiji uliolichunguza Tanganyika mwaka 1946 na 1947 ulipima kwa mawimbi ya sauti, na André Capart akapata kina cha mita 1,470 katika sehemu ya kusini ya ziwa. Ukitoa hesabu hiyo kwenye mita 773 za uso wa maji, sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Na hiyo sakafu si mwamba: ni matope yaliyojikusanya kwa mamilioni ya miaka, na katika sehemu nyingine unene wake ni kilomita kadhaa.

Wanajiolojia wanakadiria umri wa Tanganyika kuwa kati ya miaka milioni 9 na milioni 12. Maziwa mengi ya dunia hayajatimiza hata miaka 20,000.

Ukubwa wake hauonekani vizuri kwenye ramani, kwa sababu ziwa ni jembamba: urefu kama kilomita 673, upana wa wastani kilomita 50 tu. Victoria, ziwa la jirani, lina eneo la kilomita za mraba 68,800, zaidi ya mara mbili ya Tanganyika lenye 32,900 hivi. Lakini Victoria lina kina cha mita 80 na kidogo pale penye kina zaidi. Ukipima ujazo hali inageuka: Tanganyika lina karibu kilomita za ujazo 18,900, Victoria 2,750 hivi. Takriban sehemu moja ya sita ya maji baridi ya dunia yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu, imo ndani ya ufa huu mmoja. Baikal la Urusi peke yake, miongoni mwa maziwa ya maji baridi, ndilo linalolizidi kwa kina na kwa ujazo.

Kivu ni habari nyingine kabisa. Bonde lake lipo katika ufa ule ule, lakini ziwa kama tunavyolijua liliumbwa na moto. Zamani mito ya eneo hilo ilitiririka kuelekea kaskazini, ikaingia Ziwa Edward, na kutoka huko maji yakafuata njia ya Nile. Kisha volkano za Virunga zikainuka na kulifunga bonde. Maji yakakosa pa kwenda, yakajaa mabondeni, yakapanda kati ya vilima, mpaka takriban miaka 10,000 iliyopita yakapata mwanya upande wa kusini, mahali ulipo mji wa Bukavu leo. Hapo ndipo Ruzizi ya sasa ilipozaliwa. Ndiyo sababu ufukwe wa Kivu una pembe nyingi hivi: rasi za Bukavu ni migongo ya vilima iliyobaki juu ya maji, na kisiwa cha Idjwi ni mlima uliozungukwa na maji. Lava iliziba mabonde mengine pia katika ukanda huu. Bulera na Ruhondo za Rwanda, Bunyonyi la kusini-magharibi ya Uganda na maziwa ya Mokoto kule Masisi, yote ni mabonde yaliyozibwa kwa mtindo huo.

Kwa hiyo mvua inayonyesha Idjwi, ambayo zamani ingefika Bahari ya Kati kwa njia ya Nile, leo inapita Kamanyola, inapita mashariki ya Runingu, inaingia Tanganyika, inatoka kwa mto Lukuga, inakutana na Lualaba na kumwagika Atlantiki kwa mdomo wa mto Kongo. Hakuna mwanadamu aliyeuhamisha mto huo. Mlima wa moto ulitosha.

Maji ya Kivu yana tabia ambayo mwanafunzi akiisoma mara ya kwanza hudhani kitabu kimekosea. Katika maziwa ya kawaida, kadiri unavyoshuka ndivyo maji yanavyozidi kuwa baridi. Katika Kivu joto linapungua kwa makumi ya mita ya kwanza, kisha linageuka na kuanza kupanda hadi chini, ambako kina ni mita 485. Kinachoyashikilia maji hayo yenye joto chini, yasipande, ni uzito wa chumvi na hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake, vitu vinavyoletwa na chemchemi zinazotoka chini ya sakafu ya ziwa. Chini ya mita 60 au 70 hakuna oksijeni, na hakuna samaki. Badala yake kuna gesi: karibu kilomita za ujazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, zikipimwa kwa mgandamizo wa kawaida wa juu ya ardhi.

Wakazi wa Goma na Sake wanaijua hewa hiyo ya ukaa hata mbali na ziwa. Inapotoka ardhini na kutuama kwenye mashimo na mabonde madogo wanaiita mazuku, na mbuzi au mtoto akiingia humo asubuhi kabla upepo haujavuma anaweza asitoke. Mwezi Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, dogo sana kuliko Kivu, lilitoa gesi ya aina hiyo kwa ghafla usiku, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Tangu hapo Kivu linaangaliwa kwa macho mengine. Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipokata mji wa Goma na kuingia ziwani, wataalamu walihofia mabaya zaidi. Gesi haikutoka, kwa sababu lava ilisumbua maji ya juu tu, na ghala la gesi liko chini sana, limekandamizwa na mamia ya mita za maji.

Namna ya kuitoa methani hiyo inastahili kuelezwa kwa karibu, maana inaonyesha maumbile ya ziwa kuliko maneno. Bomba refu linateremshwa mpaka kwenye maji ya chini. Pampu inavuta kidogo tu, ya kuanzia. Maji yanapopanda ndani ya bomba mgandamizo unapungua, gesi inaanza kutoa mapovu, maji yaliyojaa mapovu yanakuwa mepesi kuliko maji ya nje, na kuanzia hapo yanapanda yenyewe, bila kusukumwa. Juu, gesi inatengwa, methani inasafishwa, na maji yanarudishwa ziwani kwa kina kilichochaguliwa ili tabaka zisivurugwe. Kazi hii si ngeni: mwaka 1963 kituo cha Rubona, upande wa Rwanda, kilikuwa kikitoa gesi kwa kiwanda cha bia cha Gisenyi. Leo mtambo wa KivuWatt, karibu na Kibuye, una uwezo wa megawati 26. Nusu ya ziwa na zaidi ni ya Kongo, na gesi ni ya ziwa zima. Ni jambo la kusikitisha kwamba upande wa Kongo bado unasubiri.

Mkazi wa Runingu anaweza kuuliza kama hatari hiyo inateremka na mto. Haiteremki. Ruzizi inachukua maji ya juu ya Kivu, ambayo gesi yake imekwisha kupotea hewani. Kinachoteremka ni chumvi, hasa za magnesiamu na potasiamu, na sehemu kubwa ya chumvi zilizoyeyuka katika Tanganyika imeletwa na mto huu mmoja. Anayeyaonja maji ya Uvira na kuyaona yana ladha nzito kuliko ya vijito vya mlimani anaonja mwamba wa Virunga.

Ruzizi yenyewe ni mito miwili katika jina moja. Kutoka Bukavu hadi Kamanyola ni mto wa korongo, wenye kasi na maporomoko, na hapo ndipo yalipojengwa mabwawa: Ruzizi ya Kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi ya Pili mwaka 1989, ya pili ikiwa mali ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi. Baada ya Kamanyola mto unaingia uwandani, unapunguza kasi, unaanza kujikunja, unahama mkondo, na hatimaye unagawanyika kuwa Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo kabla ya kuingia ziwani. Uwanda wote huu ni kazi ya ziwa na mto: ziwa lilipokuwa juu lilitandaza matope, liliporudi nyuma mto ukaongeza yake. Pamba, muhogo, mpunga na miwa ya Kiliba vimeota juu ya sakafu ya ziwa la kale.

Mwelekeo wa mto huu uliwahi kuwa swali la dunia nzima, na jibu lilikuwa Uvira. Aprili 1858 wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua jambo moja: Ruzizi inaingia ziwani, au inatoka? Ikiwa inatoka kuelekea kaskazini, basi Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Wana wa mtawala wa Uvira waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Wageni hawakufika mdomoni, maana wapiga makasia walikataa kuendelea. Pamoja na kuambiwa hivyo, mwaka 1864 Burton alichapisha kitabu akishikilia kwamba Ruzizi inatoka. Ubishi ukaendelea hadi Novemba 1871, Stanley na Livingstone walipopanda mtumbwi pamoja Ujiji, wakafika mdomo wa mto na kuona maji yakiingia ziwani. Vitabu vingi vya shule huliita tukio hilo ugunduzi. Watu wa Uvira walikuwa wamekwisha kulisema miaka 13 kabla, na walimu wa hapa wana kila haki ya kulifundisha hivyo.

Sasa Tanganyika lenyewe, na hasa maji yake.

Tofauti na Kivu, hapa joto halipandi kuelekea chini. Maji ya juu yana nyuzi 25 hadi 27 hivi za Selsiasi, ya chini nyuzi 23 na kitu. Tofauti ya nyuzi tatu inaonekana ndogo, lakini katika nchi ya joto inatosha kuyatenga maji mepesi ya juu na mazito ya chini mwaka mzima. Katika maziwa ya Ulaya majira ya baridi huyapoza maji ya juu mpaka yakazama na kuchanganyika na ya chini. Tanganyika halina majira hayo. Matokeo yake, upande wa kaskazini oksijeni inaishia kwenye mita 100 hivi, upande wa kusini mita 200 au zaidi kidogo, na chini ya hapo, kilomita nzima na zaidi ya maji, hakuna kiumbe kinachovuta pumzi. Maji ya huko yakipandishwa hunuka mayai viza, kwa sababu ya gesi ya salfa.

Lakini huko chini ndiko chakula kilipo. Kila kinachokufa juu kinazama na kuoza, na mbolea yake inabaki gizani. Samaki wote wa soko la Uvira wanategemea mbolea hiyo irudi juu, na anayeirudisha ni upepo. Kuanzia Mei hadi Septemba, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa kufuata urefu wa ziwa. Unayasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini, yanarundikana upande wa Uvira na Bujumbura, na kule kusini, karibu na Mpulungu wa Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kuziba nafasi. Upepo ukitulia, karibu na Septemba na Oktoba, maji yaliyorundikana yanarudi. Ni kama beseni lililoinamishwa kisha likaachwa: maji hayasimami mara moja, yanakwenda na kurudi, kaskazini na kusini. Mbembeo mmoja wa tabaka hizo za ndani huchukua karibu mwezi mzima, na unaendelea bila mtu wa juu kuona chochote. Kila unapofika kaskazini, mbolea inakaribia mwanga, mimea midogo ya majini inaota, wadudu wa majini wanaila, na ndagala, samaki wadogo wa ziwa hili, wanawafuata.

Mvuvi wa Uvira hana haja ya maelezo hayo ili avue. Anajua kwamba usiku usio na mwezi ndagala hupanda kufuata chakula chao, na kwamba mwanga huwakusanya. Mitumbwi miwili au mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu mkubwa unashushwa katikati, taa zinaning'inizwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai. Sasa wengi wanatumia balbu na betri zinazochajiwa kwa jua. Wanangoja. Maji chini ya taa yanabadilika rangi polepole, yanakuwa ya fedha, na ndipo wavu unapandishwa kwa mikono mingi kwa pamoja. Mikeke, ambao huwinda ndagala, huingia nao. Asubuhi ndagala wametandazwa juani, na wiki ya mbalamwezi vyombo vinakaa mchangani.

Ndagala hao wana ndugu Bukavu. Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya maji ya wazi, kwa kuwa ziwa ni changa na maporomoko ya Ruzizi hayamruhusu samaki kupanda kutoka Tanganyika. Kati ya 1958 na 1960 samaki wadogo wa Tanganyika walichukuliwa na kutiwa huko. Mmoja wa aina mbili za ndagala ndiye aliyeshika, na leo Bukavu na Goma wanamwita sambaza. Mto haukuweza kumpandisha, binadamu alimbeba.

Hapa ndipo wasiwasi wa kweli unapoanza. Mwaka 2003 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake, ulioonyesha kwamba maji ya Tanganyika yameongezeka joto na upepo umepungua, kwa hiyo tabaka zinachanganyika kidogo kuliko zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ya majini ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingepunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Ushahidi wa joto ulipatikana kwa kulinganisha vipimo vipya na vile vya Louis Stappers, Mbelgiji aliyepima ziwa mwaka 1912 na 1913, na ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la mikeke. Wavuvi wengi na nyavu zenye macho madogo wana sehemu yao ya lawama, na si busara kuificha. Ila si haki kumbebesha mvuvi mzigo wote wakati ziwa lenyewe linatoa chakula kidogo kuliko zamani.

Limebaki swali la kina cha maji ufukweni, ambalo kwa Uvira ni swali la maisha na mali.

Tanganyika linapokea mito mingi, Ruzizi na Malagarasi ikiwa mikubwa, na mvua inayoangukia juu ya ziwa. Linatoa maji kwa njia mbili tu: Lukuga, ule mto wa Kalemie, na hewani. Sehemu kubwa kabisa inakwenda hewani. Jua na upepo huondoa zaidi ya mita moja na nusu ya maji kwenye uso wote kila mwaka. Kwa hiyo usawa wa ziwa ni mizani kati ya mvua na jua, na Lukuga ni nyongeza ndogo. Kila mwaka maji hupanda na kushuka kwa karibu mita moja au pungufu kidogo: chini kabisa karibu na Oktoba au Novemba, juu kabisa Aprili au Mei. Miaka kadhaa ya mvua nyingi ikifuatana, mizani inaelemea upande mmoja. Hesabu ni rahisi. Tabaka la maji la mita moja juu ya ziwa zima ni karibu kilomita za ujazo 33, na Lukuga katika mwaka wa kawaida haitoi hata 10. Ziwa likipanda kweli kweli, kushuka kwake ni kazi ya miaka.

Limefanya hivyo mara kadhaa ndani ya kumbukumbu zilizoandikwa. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alikuta mdomo wa Lukuga umezibwa na mimea, na ziwa likiwa juu. Lilizidi kupanda hadi karibu 1878, kizuizi kikang'oka, na Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society, akaona maji yakitoka kwa kasi. Ndani ya miaka isiyofika 20 ziwa lilishuka kama mita 10. Kwa usawa ule wa 1878, mitaa ya leo ya ufukweni mwa Uvira na sehemu za chini za uwanda zilikuwa ndani ya maji. Baada ya mvua kubwa zilizoanza 1961, ziwa lilipanda tena na kufikia kilele mwaka 1964. Likashuka. Watu wakashuka nalo, wakajenga.

Kuanzia 2020 lilirudi. Lilipanda tena na tena, hadi Aprili na Mei 2024 likafika usawa usioonekana tangu 1964. Bandari ya Kalundu iliingia maji, mitaa ya ufukweni ikahamwa, na ng'ambo, Gatumba na sehemu za Bujumbura zikazama. Nyumba zilizofurika hazikuwa na kosa la ujenzi. Zilisimama mahali ambapo ziwa lilikuwa limekwisha kufika miaka 60 kabla.

Upande wa mlima una hatari yake. Mto unaoteremka zaidi ya mita 2,000 katika safari fupi hauna pa kupunguzia nguvu. Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira na Runingu yote ni mito ya namna hiyo, na mji wa Uvira umejengwa juu ya mchanga na mawe ambayo mito hiyo imeyatupa chini kwa maelfu ya miaka. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, Mulongwe ikatoka njiani mwake, makumi ya watu wakafa na maelfu wakapoteza nyumba. Pale miti ya mteremko inapokatwa kwa makaa, maji hayanywewi na ardhi, na matope yanayofika ziwani yanafunika mawe ya ufukweni ambako samaki wengi wa kipekee wa ziwa hili huzalia. Na kila mabomba ya maji ya mjini yanapokauka, watu hurudi kuchota ziwani, katika maji yale yale yaliyopokea uchafu wa mafuriko. Kipindupindu cha Uvira hakihitaji maelezo marefu zaidi ya hayo.

Mengi katika habari hii hayawezi kubadilishwa na mtu wa Uvira wala wa Runingu. Hawezi kuupanua Lukuga, hawezi kuipoza hewa, hawezi kuuamuru upepo wa Mei. Lipo moja analoweza. Mstari ambao maji yalifika mwaka 2024 bado unajulikana: kila mwenye nyumba wa Kavimvira anaweza kuuonyesha ukutani mwake, na vituo vya kupima maji vina namba zake. Wazee wa mitaa, machifu wa uwanda, walimu na watafiti wa kituo cha haidrobiolojia cha Uvira waukubali kwa pamoja, wauwekee nguzo za saruji kuanzia mdomo wa Ruzizi hadi Kalundu, na ofisi za ardhi zisitoe hati ya kiwanja chochote kilicho chini ya nguzo hizo. Chini yake palimwe mboga wakati wa kiangazi, paanikwe ndagala, paegeshwe mitumbwi. Kazi hiyo ifanyike sasa, wakati waliohamishwa na maji wanakumbuka yalifika wapi.